Boerboel katika nyumba yenye watoto wadogo, bibi na dada wa kazi: tumchukue au tuache?

Mama wa Goba

Wanajukwaa, habari za leo. Naomba tujadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu tunatakiwa kulitolea uamuzi kabla ya mwisho wa mwezi, na mimi na mume wangu bado hatujakubaliana.

Mfanyakazi mwenza wa mume wangu ana mbwa jike wa aina ya Boerboel aliyezaa, naye ametuahidi dume mmoja atakapotimiza wiki nane. Tunaishi Goba, Dar es Salaam, kwenye kiwanja chenye ukuta na geti la chuma, na katika miezi ya karibuni nyumba kadhaa za mtaa wetu zimevunjwa usiku. Mume wangu anaamini kwamba mbwa wa aina hiyo atawafanya wezi wapite mbali. Mimi sina chuki na mbwa, kwani nimekulia Mbulu, ambako karibu kila boma lilikuwa na mbwa wake, lakini wale walikuwa mbwa ambao mtoto wa shule angeweza kumwondoa mmoja njiani kwa kumkemea tu.

Ninachokifikiria ni watu waliomo ndani ya nyumba hii. Kuna mtoto wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa, kuna mama mkwe wangu ambaye hutembelea fimbo, na kuna dada wa kazi kutoka Tanga, Mwislamu, ambaye ndiye hushinda na watoto tangu asubuhi hadi sisi tunaporudi jioni. Hatuna mlinzi wa mchana. Nimesoma kwamba dume la Boerboel lililokomaa huweza kuzidi kilo 70, na hilo peke yake limeninyima usingizi. Naomba waliowahi kufuga mbwa hawa wanieleze namna ya kupima kama wanafaa kwa nyumba kama yetu. Bei si tatizo, kwa kuwa tunapewa bure.

Mfugaji wa Njiro

Dada, nimefuga Rottweiler na Boerboel hapa Arusha kwa muda mrefu, nami ninawapenda kiasi kwamba ninapomshauri mtu asichukue huwa ninamwonea huruma mbwa pamoja na familia.

Kwanza mfahamu ni mbwa wa namna gani. Boerboel ni mbwa wa mashambani Afrika Kusini, aliyelelewa kwa vizazi vingi kwenye mashamba yaliyo mbali na majirani, ambako alitakiwa kulinda watu na mifugo bila kusubiri kuamriwa. Chama cha wafugaji wake kilianzishwa huko mwaka 1983, na mpaka leo wafugaji makini hawampimi kwa umbo tu, bali pia kwa utulivu wa tabia yake. Dume huwa na urefu wa sentimita 61 hadi 69 begani na uzito wa kati ya kilo 68 na 91. Jike ni mdogo kidogo, lakini asikudanganye mtu kwamba ni mbwa mdogo. Kinachomtofautisha na German Shepherd, ambaye dume lake huishia kwenye kilo 40 hivi, si ukubwa peke yake. German Shepherd alitengenezwa afanye kazi akimtazama mchungaji wake na kusubiri ishara, ilhali Boerboel alitengenezwa aamue mwenyewe. Kwa mtu aliye peke yake shambani usiku hiyo ni sifa kubwa. Katika mtaa wa Goba, ambako geti hugongwa mara kadhaa kwa siku, ndipo ugumu unapoanzia.

Watu wengi wanapouliza kama mbwa fulani anafaa nyumbani kwao, humpima kwa baba mwenye nyumba: kama ana nguvu za kumshika, kama anamwogopa au hamwogopi, kama anazo fedha za kumlisha. Lakini baba huyo huondoka kabla jua halijapanda na kurudi giza limeingia. Katika nyumba zetu, anayeishi na mbwa ni dada wa kazi, kijana wa bustani na watoto. Kwa hiyo ninayemwuliza kwanza ni yule anayeshinda naye, na baada yake yule ambaye ni dhaifu kuliko wote humo ndani. Dada yenu huenda ana kilo 55. Je, siku muuza mboga atakapoacha geti wazi, ataweza kumwita mbwa mwenye kilo 75 naye akaitika? Kumvuta hataweza, wala mimi siwezi. Mbwa mwenye uzito huo hushikwa kwa mafunzo na kwa heshima aliyojengewa tangu utotoni, na heshima hiyo haihamishwi kutoka kwa baba kwenda kwa dada kwa maneno. Kila mtu anayeishi naye lazima amjenge mwenyewe, kwa kumlisha, kumwamuru akae kabla ya kula, na kutembea naye kila siku. Kama dada hataki au anaogopa, na ana haki ya kuogopa, basi kwa saa kumi na zaidi za kila siku nyumba yenu itakuwa na mbwa asiye na msimamizi.

Mama mkwe wako umemtaja kwa kifupi, ilhali yeye ndiye angenitia wasiwasi wa kwanza, hata kabla ya meno ya mbwa kuzungumzwa. Boerboel wa miezi tisa au kumi huwa amekwisha kupita kilo 40, na bado ana akili ya mtoto. Hukimbia akiwa na furaha, hugonga miguu ya watu na huegemea kwa uzito wake wote anapotaka kupendwa. Kijana huyumba na kucheka, lakini mzee anayetembelea fimbo huanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mtu wa umri huo maisha yake hubadilika. Hapo mbwa hakuwa na ubaya wowote moyoni.

Kwa watoto, sifa za Boerboel ni za kweli: huwavumilia watoto wa nyumba yake na hujiweka kati yao na wageni. Lakini sifa hiyo ndiyo inayonifanya niwe mwangalifu. Watoto wa jirani watakuja kucheza, watakimbizana, watapiga kelele, mmoja atamsukuma mwanao, na mbwa aliyezaliwa kuamua mwenyewe anaweza kuamua kwamba mwanao anashambuliwa. Nyumbani kwangu kanuni haijawahi kubadilika: watoto wageni wakiingia, mbwa huwa upande wa pili wa uzio wa ndani, hata kama amelala na hata kama wageni ni wale wale wa jana.

Kuna desturi moja ambayo ningependa tuiache. Wengi hujenga banda dogo la mabati na nondo nyuma ya nyumba, humfungia mbwa humo mchana kutwa, kisha humfungulia usiku ili alinde. Mbwa anayelelewa hivyo tangu utoto haoni watu isipokuwa kwa kupitia nondo, hajui mgeni wa kawaida anafananaje, na kila anachokutana nacho humshtua. Kipindi ambacho mbwa huizoea dunia ni kifupi sana, takriban kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne tangu kuzaliwa. Katika wiki hizo anatakiwa aone wazee, watoto, watu wenye kofia na wenye mizigo, asikie bodaboda na honi, apandishwe kwenye gari. Akizipita akiwa bandani, kazi ya kumrekebisha baadaye ni ndefu na mara nyingi haikamiliki. Kwa mbwa wa kilo 20 kasoro hiyo ni kero, lakini kwa mbwa wa kilo 75 ni hatari.

Kuhusu kupewa bure: mbwa mkubwa hana bure. Mbwa wa kilo 60 mwenye shughuli za wastani huhitaji takriban kilokalori 2,400 kwa siku. Ukimlisha chakula kikavu cha dukani, mfuko wa kilo 20 humalizika kwa karibu mwezi mmoja. Ukimpikia, usidhani ugali na makombo vitatosha, kwa sababu atashiba wanga na kukosa protini. Atahitaji nyama, vichwa na miguu ya kuku, maini, dagaa na mboga kidogo, kila siku, kwa miaka tisa hadi kumi na moja. Mtoto wako akianza darasa la kwanza wakati mbwa ni mdogo, anaweza kufika kidato cha nne mbwa akiwa bado hai. Kaeni chini na mume wako mpige hesabu hiyo, muweke na daktari, na mjiulize pia mtamwacha kwa nani mnapokwenda Mbulu kwa Krismasi.

Mkazi wa Rongai

Ndugu wa Njiro amesema mengi yenye uzito, ila naona ametia hofu kupita kiasi. Hapa Ongata Rongai tunaishi na mbwa wakubwa karibu kila ploti, na wengi wao ni wapole. Mbwa ni malezi. Ukimpata mtoto wa mbwa mwenye wazazi watulivu, ukamfundisha mapema na ukamwonyesha watu, atakuwa vile ulivyomlea.

Ni kweli kwamba serikali kadhaa zimeamua kuhukumu kwa aina. Denmark ilifikisha aina 13 katika orodha yake ya marufuku mwaka 2010, na Boerboel yumo katika orodha hiyo. Uingereza ilikuwa na sheria ya mbwa hatari tangu mwaka 1991, kisha katika England na Wales ikawa ni kosa, kuanzia tarehe 1 Februari 2024, kumiliki mbwa wa aina ya XL Bully bila cheti cha msamaha. Lakini mimi siamini kwamba kutaja jina la aina kunatosha. Hapa kwetu Afrika Mashariki mbwa wanaoua watu wengi si Boerboel wala Rottweiler. Ni mbwa wa kawaida kabisa, wasiochanjwa, wanaozurura sokoni na barabarani, nao huua kwa kichaa cha mbwa. Mtu akiniuliza mbwa gani ni hatari, nitamwambia kwanza ni yule ambaye hajachanjwa.

Mama wa Goba, ikiwa mume wako yuko tayari kumfundisha mbwa kila siku kwa mwaka mzima na nusu, mchukueni. Ikiwa anachotaka ni sauti nzito nyuma ya geti, anunue taa na kamera.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Nashukuru kwa mjadala huu, na naanzia hapo alipoishia ndugu wa Rongai, kwa kuwa yuko sahihi kuhusu kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na katika kesi karibu zote za binadamu chanzo ni mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, tiba haipo. Kwa hiyo mbwa yeyote mnayemchukua, mkubwa au mdogo, achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu na arudiwe kila mwaka, na cheti chake kitunzwe. Mtu aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kidonda kisifungwe kwa majani wala kupakwa mafuta ya breki, jambo ambalo bado tunaliona.

Hata hivyo sikubaliani naye kwamba mbwa ni malezi peke yake. Urithi una sehemu yake, na ukubwa una sehemu ambayo malezi hayawezi kuiondoa. Mbwa wawili wanaweza kuwa na hasira ya kiwango kimoja na kung'ata mara moja kila mmoja, lakini jeraha la mbwa wa kilo 15 tutalishona na jeraha la mbwa wa kilo 75 kwenye shingo ya mtoto wa miaka minne huenda tusiwahi kulifikia. Mtoto wa umri huo uso wake uko usawa wa kinywa cha mbwa, na tena wengi wa watoto wanaong'atwa hung'atwa na mbwa wanayemfahamu. Mbwa kwa kawaida hutoa taarifa kabla: hukakamaa, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hunguruma. Mtoto wa miaka minne hawezi kuzisoma ishara hizi, na mtu mzima asiyefundishwa humchapa mbwa kwa kunguruma, kisha mbwa hujifunza kung'ata bila kutoa taarifa. Tafadhali msimchape mbwa anayenguruma. Mwondoeni mtoto, kisha mtafute kilichomsumbua.

Sasa niseme ya afya, kwa sababu Dar es Salaam si Free State ya Afrika Kusini. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema hakumsaidii vya kutosha. Kuanzia Desemba hadi Machi, pwani, mbwa mzito aliyefungiwa kwenye banda la mabati anaweza kufa kwa joto mchana mmoja. Anahitaji kivuli cha kweli, sakafu ya baridi, maji yasiyokauka, na matembezi ya alfajiri au baada ya magharibi. Pili ni kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa wamejaa pwani, nao hueneza magonjwa ya damu kama babesia na erlikia. Mbwa huacha kula, hupata homa, fizi hupauka, wakati mwingine mkojo hubadilika rangi na kuwa kama chai ya rangi, na akichelewa hufa. Dawa ya kuzuia kupe hupimwa kwa uzito wa mbwa, kwa hiyo dozi ya mbwa wa kilo 70 ni kubwa, na gharama yake pia. Hilo nalo liingie katika hesabu mliyoambiwa mpige.

Magonjwa ya aina yenyewe nayo mnatakiwa kuyafahamu. Mbwa wakubwa hurithi ulegevu wa kiungo cha nyonga, na ndiyo sababu mfugaji mwaminifu hupiga picha za eksirei za nyonga za wazazi kabla ya kuwapandisha. Mwulizeni mwenye jike kama alifanya hivyo. Mtoto wa mbwa mkubwa asinenepeshwe ili akue haraka, asiongezewe kalisi kiholela, na asikimbizwe umbali mrefu wala kurukishwa kabla mifupa yake haijakomaa, yaani hadi mwaka mmoja na nusu hivi. Nimeona watoto wa mbwa waliopinda miguu kwa sababu wenye mbwa walitaka kuwaonyesha majirani jinsi wanavyokua.

Lipo na tatizo la tumbo kujaa gesi na kujipinda, linalowapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Tumbo huvimba, mbwa hujaribu kutapika na hakuna kitu kinachotoka, hutembea huku na huko bila kutulia. Hiyo ni dharura ya upasuaji, na muda uliopo ni wa saa chache tu. Kabla ya kumchukua mbwa wa namna hii, tafuteni mapema ni kliniki gani karibu nanyi inayoweza kumpasua mbwa wa kilo 70 saa nane za usiku, na mtamfikishaje huko. Kumlisha mara mbili au tatu kwa siku badala ya mara moja, na kumpumzisha baada ya kula, ni utaratibu mzuri kwake.

Chanjo nyingine, ikiwemo ya parvo, yaani virusi vya kuhara vya mbwa, huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Hapa kuna mvutano wa kweli kati ya ushauri wangu na wa ndugu wa Njiro, kwa kuwa kipindi cha kuizoea dunia huangukia wakati kinga bado haijakamilika. Msimweke chini kwenye maeneo yanayopitwa na mbwa wengi, lakini mbebeni mikononi aone watu na kusikia mtaa.

Mwana wa Makorora

Nimesoma uzi wote na nimeona kwamba dada wa kazi ametajwa mara nyingi kwa uzito na nguvu zake, ila suala la dini yake limepitwa. Kwa kuwa ametoka kwetu Tanga, naomba nilieleze, maana linagusa uamuzi wenyewe.

Waislamu wengi wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi. Kwa mujibu wake, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, na kilichoguswa nacho huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga. Kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, mifugo au uwindaji kumeruhusiwa, kwa hiyo asifikiri mtu kwamba dada huyo atawaona mmekosea kumweka mbwa nje. Taabu itaanza pale atakapotakiwa kuosha sufuria ya mbwa kwenye karo la vyombo vya watu, au mbwa atakapomlamba kanzu muda mfupi kabla ya sala ya adhuhuri, naye akashindwa kumzuia kwa sababu ya ukubwa wake. Mbwa mdogo humkwepa kwa hatua mbili. Huyu mnayemzungumzia hakwepeki.

Dada wa kazi mara nyingi hataeleza haya kwa mwajiri. Atanyamaza, atamwogopa mbwa na kumtupia chakula kwa mbali, na mbwa atamjua kama mtu anayeogopa. Halafu siku moja atafunga mizigo yake. Mwulizeni mapema, akiwa ameketi nanyi kama mtu mzima, na jibu lake lihesabiwe. Akikubali kuishi na mbwa uani lakini asimguse, hilo ni jibu la heshima, nalo lina maana kwamba lazima awepo mtu mwingine wa kumhudumia mbwa mchana. Vyombo vya mbwa viwe vyake peke yake, vioshwe nje kwenye bomba lake, na pawe na uzio wa ndani unaotenganisha uwanja wa mbwa na njia ya kutoka jikoni hadi kamba ya nguo.

Mama wa Goba

Nawashukuru nyote, hasa ndugu wa Makorora, kwa kuwa jana jioni tuliketi na dada na alichotueleza kinafanana sana na ulichoandika. Alisema hana neno na mbwa kuwa uani, ila kumlisha hataweza. Mume wangu alinyamaza muda mrefu baada ya hapo.

Sasa nauliza mawili. Tukimwacha huyu, ulinzi tuupate wapi kwa njia ya mbwa ambayo nyumba hii inaweza kuibeba? Na je, kuna hali ambayo Boerboel angetufaa baadaye, au tusifikirie tena? Mume wangu anaona kwamba jibu la hapana la sasa lisiwe la milele.

Mfugaji wa Njiro

Shemeji yetu ana haki ya kuuliza hivyo, na jibu langu ni kwamba lisiwe la milele.

Kwa ulinzi wa sasa, mbwa wawili wa kienyeji waliochanjwa, kuhasiwa na kulishwa vizuri wanafaa nyumba yenu kuliko Boerboel mmoja. Wana kilo 15 hadi 20, joto la pwani si geni kwao, hula kidogo, na husikia mtu akigusa ukuta kabla hata hajaupanda. Mwizi huepuka kelele na mwanga kwanza, kwa hiyo mbwa anayebweka kwa wakati akisaidiwa na taa za uani atafanya sehemu kubwa ya kazi mnayoitaka. Tena wezi hutupa nyama yenye sumu, na sumu haichagui ukubwa. Mbwa mmoja wa thamani akifa usiku huo nyumba inabaki tupu, lakini wawili mara nyingi hawali kipande kile kile. Msiwaache wazurure mtaani ati kwa kuwa ni wa kienyeji. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikubagua aina, na mbwa wa kienyeji anastahili maji, kivuli na daktari kama mwenzake. Mkitaka mbwa mkubwa kidogo, German Shepherd jike aliyekwisha kukomaa, ambaye tabia yake imeshaonekana mbele ya watoto, ni salama zaidi kuliko mtoto wa mbwa ambaye mnabahatisha atakuwa nani, ingawa kwa manyoya yake itabidi mmhurumie sana wakati wa joto.

Kuhusu Boerboel baadaye: mtoto wenu mdogo afike umri wa kuelewa katazo na kulishika hata asipoonekana, ambao kwa watoto wengi ni miaka minane au tisa, awepo mtu mzima anayeshinda nyumbani kwa hiari yake na mbwa, awe mlinzi wa mchana au mmoja wenu, na uzio wa ndani uwe umejengwa kabla mbwa hajafika, wenye milango miwili kati yake na barabara, ili mlango mmoja ukiachwa wazi mwingine uwe umefungwa. Kwa mama mkwe, pawe na njia yake ya kutoka chumbani hadi barazani ambayo mbwa haifiki kabisa. Haya yakiwepo, nitakuwa wa kwanza kuwasaidia kumtafuta, na ningependekeza jike, kwa kuwa ni mwepesi kidogo.

Kwa yule rafiki wa mume wako, msimkatalie kwa simu. Nendeni mkamwone mama wa watoto hao, nanyi mtajifunza mengi hata kama hamchukui. Mtazameni anavyopokea wageni mwenye mbwa akiwa karibu, kisha ombeni mwenye mbwa aingie ndani na aliyebaki naye awe mtu anayemlisha kila siku, maana hapo ndipo mtakapoona mbwa huyo anamsikiliza nani. Watoto wabaki nyumbani siku hiyo. Na ikiwa rafiki huyo anawagawa watoto wa mbwa kabla ya wiki nane kwa kuwa wamemchosha, mwambieni kwa upole asubiri, kwa sababu wiki hizo za mwisho wakiwa na mama yao ndizo wanazojifunza kuzuia nguvu za taya zao, na nyumba nyingine itakayompata dume huyo huenda nayo ina mtoto wa miaka minne.